Unamjengea Mathe Jiko Nunguni? Soma Hii Kabla Ulipie Kaunta

Umesota, umesevu, na nyumba ya ushago sasa ina paa. Mathe amechoka kupika akiinama, anataka kaunta ya kusimama kama watu wengine. Unaingia mtandaoni, unaona moja nyeupe inang'aa vibaya, unasema hiyo hiyo! Tulia kwanza, beshte. Kaunta ya keja ya Kileleshwa na ya Nunguni hazipigi kazi moja.

Nunguni iko juu kwa vilima vya Kilungu, Makueni. Baridi iko, moto unawaka toka chai ya asubuhi hadi supper, na hii ni kaunti ya maembe na machungwa. Kaunta yako itapigana na vitu vitatu: sufuria moto, maji, na asidi ya matunda. Chagua ukifikiria hizo, picha baadaye.

1. Terazo

Fundi anamwaga slabu ya simiti yenye nondo juu ya kuta fupi, halafu juu anaweka simiti iliyochanganywa na vipande vya marumaru. Ikishika, inasuguliwa na mashine hadi iteleze. Sufuria ya muthokoi ikitoka motoni, terazo haishtuki. Adui yake ni ndimu: asidi inakula simiti na marumaru zote mbili, na alama haitoki na sabuni. Ipakwe sila, na irudiwe ukiona imeanza kunyonya maji.

Kitu cha kujua: baridi hufanya simiti ishike polepole. Fundi asikuharakishe. Slabu ikae na unyevu angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa ikifika siku 28.

2. Taili

Slabu ni ile ile, juu unabandika taili. Ukiwa na doo kidogo, hii ni form. Ndimu haiisumbui. Ngori iko kwa ile mistari ya katikati: mafuta na unga hujificha huko. Chukua taili kubwa ndio mistari iwe michache, na uchague grauti ya rangi ya giza.

3. Mbao na bodi

Mbao ngumu kama mvule haina ubaridi wa mawe, lakini inataka mafuta mara kwa mara, na sufuria moto itaiacha na duara jeusi. Zile bodi za vumbi la mbao zilizofunikwa plastiki? Maji yakiingia tu ukingoni karibu na sinki, inafura kama mandazi. Weka mbali na maji.

4. Granaiti

Huyu ndiye mkubwa wao. Moto sawa, ndimu sawa, kisu sawa. Shida ni bei na uzito. Ikiwa na unene wa sentimita 2, mita moja ya mraba ina karibu kilo 54. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 ni kama kilo 97, na hapo hujaweka sufuria hata moja. Ukuta wa chini uwe wa maana. Kwa gari isafirishwe ikiwa imesimama, si imelala, maana kwa zile kona za mlimani itapasuka, hasa palipokatwa shimo la sinki.

5. Kwatsi ya kiwandani

Ni vipande vya mawe vilivyogandishwa na gundi. Madoa haishiki haraka, lakini ile gundi inaungua ukiweka sufuria moto moja kwa moja. Pia, vumbi lake likikatwa kavu huharibu mapafu ya fundi. Australia iliipiga marufuku Julai 2024 kwa sababu hiyo. Granaiti pia ina vumbi la aina hiyo, kwa hivyo yoyote ikatwe na maji, na fundi avae barakoa ya maana. Yeye pia ana watoto.

Usipigwe: fanya hivi kabla ya kulipa

Si kila jiwe linaloitwa granaiti ni granaiti. Omba kipande. Kamulia ndimu, ngoja dakika 10, pangusa. Ikibaki alama iliyofifia, hiyo pengine ni marumaru, rudisha. Mwagia maji upande mwingine: likiwa jeusi haraka, linanyonya, litataka sila.

Pima baada ya plasta, si kwa ramani. Uliza kama bei ni ya mita ya urefu au ya mraba, na kama kukata, shimo la sinki, usafiri na kufunga viko ndani. Hapo ndipo wengi hulia.

Mwisho, urefu. Wengi hujenga sentimita 90 bila kuuliza. Mwambie mathe asimame, akunje mkono, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Hapo ndipo kaunta inakaa. Ukikosea hiyo, hata ukimletea granaiti, bado atarudi kukatia sukuma wiki kwa kile kistuli chake cha zamani.