Vivumishi vya Kiingereza kwa Wasemaji wa Kireno

Vivumishi vya kila siku vya Kiingereza ni maneno kama "big" la ukubwa, "old" la uzee na ukuukuu, "nice" la wema na uzuri, au "hungry" la mtu mwenye njaa. Hayakosekani katika mazungumzo yoyote, yawe ya sokoni, ya hospitalini au ya ofisini. Anayejifunza Kiingereza huku lugha yake ya awali ni Kireno hufundishwa maneno haya mwanzoni kabisa, na bado ndiyo yanayoendelea kumkwaza baada ya miaka mingi ya masomo. Walimu wengi huulaumu upande wa sarufi, yaani nafasi ya kivumishi na upatanisho wake na nomino. Ushahidi wa lugha zenyewe unaelekeza kwingine. Sarufi ya kivumishi cha Kiingereza ni nyepesi. Kinachomkwaza Mreno, Mbrazili au Mwangola ni mambo mawili: kwanza, Kireno hubeba sehemu ya maana nje ya kivumishi, ilhali Kiingereza hudai maana hiyo ibebwe na kivumishi chenyewe, pili, undugu wa maneno yenye asili ya Kilatini humfanya mwanafunzi aamini kwamba neno analijua kumbe hajalijua.

Jambo hili linawagusa watu wengi. Kireno ni lugha rasmi ya Brazili, Ureno, Angola, Msumbiji na nchi nyingine kadhaa za Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kireno, iliyoundwa mwaka 1996. Nchini Brazili, sheria ya elimu ya mwaka 2017 ilikifanya Kiingereza kuwa somo la lazima kuanzia mwaka wa sita wa elimu ya msingi. Msumbiji imepakana na nchi sita, Tanzania, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini na Eswatini, na zote hutumia Kiingereza katika shughuli za serikali. Mwaka 1995 ilijiunga na Jumuiya ya Madola ingawa haikuwahi kuwa koloni la Uingereza. Kwa Msumbiji, basi, Kiingereza ni lugha ya majirani wa pande zote za nchi kavu.

Umbo na nafasi ya kivumishi

Kivumishi cha Kireno hupatana na nomino kwa jinsia na idadi. Mvulana mzuri ni "menino bonito", msichana mzuri ni "menina bonita", na kwa wingi huwa "meninos bonitos" na "meninas bonitas". Msomaji wa Kiswahili hashangazwi na mfumo huu, kwa kuwa naye husema kiti kizuri na viti vizuri, mtoto mzuri na watoto wazuri. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo: "beautiful" hubaki "beautiful" kwa mmoja na kwa wengi, kwa wa kike na kwa wa kiume. Tofauti nyingine ni nafasi. Kireno kwa kawaida huanza na nomino, "uma casa grande", na Kiingereza huanza na kivumishi, "a big house". Ndiyo maana madaftari ya wanaoanza hujaa makosa kama "beautifuls houses" na "a house big". Makosa haya huonekana upesi na kwa kawaida hupungua mapema, kwa sababu mwanafunzi anatakiwa kuacha jambo, hatakiwi kujenga jipya. Kuacha kuongeza "s" ni kazi ya mazoezi tu.

Ulinganishi unadai uangalifu zaidi kidogo. Kireno hutumia "mais" karibu kila mahali, hivyo kitu cha bei nafuu zaidi ni "mais barato". Kiingereza huyagawa maneno kwa urefu: mafupi hupokea kiambishi tamati na kuwa "cheaper" au "bigger", na marefu hutanguliwa na "more", kama "more expensive". Kosa la "more cheap" huzaliwa hapo. Hata hivyo lugha zote mbili zina maumbo yasiyofuata kanuni katika maneno yaleyale ya msingi: "melhor" na "pior" za Kireno zinalingana sawasawa na "better" na "worse", kwa hiyo mwanafunzi tayari anajua kwamba maneno yanayotumika sana hayafuati utaratibu wa mengine.

Maana inapokaa nje ya kivumishi

Ugumu halisi huanzia pale Kireno kinapoeleza jambo kwa kuhamisha neno. "Um homem grande" ni mtu mwenye mwili mkubwa, lakini "um grande homem" ni mtu mwenye heshima na matendo makuu. "Um amigo velho" ni rafiki aliyezeeka, na "um velho amigo" ni rafiki wa siku nyingi, hata kama bado ni kijana. Kiingereza hakiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa nafasi ya kivumishi mbele ya nomino haibadiliki. Mara nyingine hubadilisha neno lenyewe: mwenye mwili mkubwa ni "a big man", mwenye heshima ni "a great man". Mara nyingine neno moja hubaki na maana ya kawaida inayopaswa kujulikana: "an old friend" kwa kawaida ni rafiki wa siku nyingi, na anayetaka kutaja umri hulazimika kutafuta neno jingine, kama "elderly". Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba "grande" ni "big" na "velho" ni "old" amepewa nusu ya somo.

Jambo la pili ni vitenzi. Kireno kina vitenzi viwili vya kuwa, "ser" kwa tabia ya kudumu na "estar" kwa hali ya wakati huo. Katika Kireno cha Ureno, "ele é aborrecido" ni kusema kwamba mtu huyo huwachosha wengine, na "ele está aborrecido" ni kusema kwamba yeye mwenyewe amechoshwa au ameudhika. Kivumishi hakikubadilika, kitenzi ndicho kilichobeba tofauti. Kiingereza kina kitenzi kimoja tu, "to be", kwa hiyo tofauti hiyo lazima ibebwe na mwisho wa kivumishi: anayechosha ni "boring", aliyechoshwa ni "bored". Mwanafunzi anayesema "I am boring" anakusudia kusema kwamba somo limemchosha, lakini msikilizaji anasikia mtu akijitangaza kwamba yeye ndiye anayechosha. Jozi za aina hii ni nyingi, kama "interesting" na "interested", "tiring" na "tired". Vivyo hivyo, "ela está bonita" ni kusifu jinsi mwanamke alivyopendeza leo, na Kiingereza hupendelea "she looks beautiful", kwa sababu "she is beautiful" huusifu uzuri wake wa siku zote.

Tatu, hali nyingi za mwili na moyo katika Kireno huelezwa kwa kitenzi cha kuwa na kitu. "Tenho fome", "tenho sono" na "tenho 20 anos" zinafuata njia ileile ya Kiswahili: nina njaa, nina usingizi, nina miaka 20. Kiingereza huzigeuza zote kuwa vivumishi: "I am hungry", "I am sleepy", "I am 20 years old". Hapa mwanafunzi hana kivumishi cha kukitafsiri, na akianza kutafuta tafsiri ya neno kwa neno atafika kwenye "I have 20 years", sentensi inayosikika sana midomoni mwa wasemaji wa Kireno. Hata viambishi vya udogo vya Kireno vina mzigo wao. Chumba au supu iliyo "quentinha" haina joto dogo. Ina joto la kupendeza, na Kiingereza hulieleza hilo kwa maneno mengine kabisa, "nice and warm".

Nne, kivumishi kimoja cha Kireno mara nyingi hugawanyika katika Kiingereza kulingana na kinachosifiwa. "Alto" hufaa kwa mtu, kwa mlima na kwa sauti. Kiingereza husema "tall" kwa mtu mrefu, "high" kwa mlima na "loud" kwa sauti kubwa. "Baixo" nalo hugawanyika kuwa "short", "low" na "quiet". Kwa hiyo swali la "alto ni nini kwa Kiingereza?" halina jibu mpaka nomino itajwe.

Maneno yaliyofanana sura

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini. Hayo ndiyo yanayomfariji msemaji wa Kireno: "importante" na "important", "possível" na "possible", "diferente" na "different". Lakini safu ya vivumishi vya kila siku imebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa maneno ya kale ya Kigermanik: "good", "bad", "old", "young", "hot", "cold", "long", "hard", "deep". Machache ya Kifaransa yaliyoingia katika safu hiyo, kama "easy", "large", "poor" na "nice", baadhi yake yamesafiri mbali na chimbuko lake. "Nice" lilitokana na neno la Kilatini "nescius", asiyejua. Neno hilohilo lilikipa Kireno "néscio", mpumbavu. Mzizi mmoja umezaa sifa njema katika lugha moja na tusi katika nyingine.

Hapo ndipo penye hatari. "Esquisito" ni kitu cha ajabu, kisichoeleweka, lakini "exquisite" ni kitu kizuri kupita kiasi. "Sensível" ni mwepesi wa kuguswa, "sensible" ni mwenye busara. "Educado" ni mwenye adabu, "educated" ni mwenye elimu. "Atual" ni cha sasa, "actual" ni cha kweli. "Largo" ni kipana, "large" ni kikubwa. Hata "fácil" haina mwenzake wa kweli katika "facile", maana hilo ni lawama kwa wazo lisilo na kina. Mreno anayeingia katika duka la dawa jijini London akisema "I am constipated" kwa kufuata neno lake "constipado" anakusudia kusema ana mafua. Mfamasia anaelewa kwamba amefunga choo, na atampa dawa ya tumbo. Sarufi ya sentensi yake haina doa. Kosa zima limo ndani ya kivumishi kimoja alichodhani anakijua.

Pingamizi na majibu

Wapo wanaosema kwamba maneno yaliyofanana ni msaada zaidi kuliko mtego. Kwa msomaji wa magazeti, ripoti na vitabu vya taaluma hoja hiyo ni ya kweli, kwa kuwa yanayolingana ni mengi kuliko yanayodanganya. Ila msaada huo huishia pale mazungumzo yanapoanza. Anayetegemea mfanano atasema "rapid" ambapo watu husema "fast" au "quick", na "enormous" ambapo "big" ingetosha. Atasikika kama anayesoma waraka hadharani. Zaidi ya hayo, wingi wa maneno yanayolingana ndio unaoyapa nguvu yale yasiyolingana, kwa sababu mwanafunzi aliyepatia mara tisa hana sababu ya kushuku mara ya kumi.

Pingamizi la pili ni kwamba kulinganisha na lugha ya awali humfunga mwanafunzi katika tafsiri, hivyo bora afundishwe kwa Kiingereza kitupu. Lakini ulinganishi hufanyika kichwani mwake, mwalimu atake asitake. Historia ina mfano mashuhuri. Mwaka 1855 kilichapwa Paris kitabu cha mazungumzo ya Kireno na Kiingereza kinachohusishwa na Pedro Carolino. Inaaminika kwamba mwandishi alipitia Kifaransa na kamusi, akibadilisha neno kwa neno, na Kiingereza kilichopatikana hakikueleweka. Kitabu kikachapwa tena mwaka 1883 kwa jina "English as She Is Spoke", na Mark Twain akaandika utangulizi wa toleo la Marekani. Ulinganishi ulioangusha kitabu kile ulikuwa wa neno moja moja. Ulinganishi wa mifumo, unaomwonyesha mwanafunzi kwamba kazi ya "ser" na "estar" katika Kiingereza hufanywa na "boring" na "bored", humwepusha na anguko hilo.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaokiona Kiingereza kuwa lugha ya mawasiliano ya dunia: watu wakielewana, makosa yana ubaya gani? Pingamizi hili linasaidia kupanga vipaumbele. "Beautifuls houses" inaeleweka kila mahali, na mwalimu hana haja ya kuipotezea saa nzima. Lakini "constipated" na "boring" hupeleka ujumbe mwingine bila msikilizaji kujua kwamba kuna kosa, na kwa hiyo hakuna atakayelisahihisha. Makosa yanayoonekana zaidi ndiyo yanayodhuru kidogo, na yasiyoonekana ndiyo yenye madhara.

Njia ya kujifunza

Kutokana na hayo, kivumishi cha Kiingereza hakifai kujifunzwa kikiwa peke yake. Kishikwe pamoja na nomino yake, "loud music", "high mountain", "tall man", na pamoja na kihusishi chake, kwa kuwa "casado com" ni "married to" na "bom em" ni "good at". Vivumishi vya "-ing" na "-ed" vifundishwe kwa jozi tangu mwanzo, vikiwekwa karibu na "ser" na "estar" ambavyo mwanafunzi tayari anavijua. Orodha ya maneno yanayofanana na kudanganya ifundishwe mapema, kabla mazoea hayajakomaa, ikianza na yale yanayohusu afya, adabu na kazi. Upatanisho wa wingi, unaokula muda mwingi darasani, upewe nafasi ndogo. Mwalimu wa Kiingereza wa Maputo, Luanda au Recife atakayepanga somo lake hivyo atakuwa ameelekeza nguvu pale wanafunzi wake wanapokwama kweli.