Maelezo ya Zana za Kompyuta na Uzito wa Kitenzi

Mwaka 1951 Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill, waliokuwa wakiitumia kompyuta ya EDSAC katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha kitabu juu ya utungaji wa programu. Humo waliorodhesha vijiprogramu vya maktaba yao, kila kimoja na maelezo ya kazi yake, ili mtumiaji asilazimike kuchambua amri zilizomo ndani. Maelezo yakipwaya, aliweza kumwuliza mwenziwe.

Mwezi Juni 2023 kampuni ya OpenAI ilitangaza njia ya kuipa mifumo yake ya akili mnemba orodha ya zana pamoja na maelezo. Mfumo huchagua zana kwa kuyasoma hayo. Tuseme zana imeelezwa hivi: "Hufuta agizo la mteja." Je, agizo hubatilishwa na kumbukumbu zikabaki, au kumbukumbu zenyewe huondolewa? Karani angeuliza kwanza. Mashine yaweza kutenda papo hapo, na kumbukumbu zikapotea. Afadhali: "Hubatilisha agizo ambalo halijasafirishwa. Haiondoi kumbukumbu. Huhitaji namba ya agizo."

Hapana budi, basi, kila kitenzi kibebe tendo moja tu.