Jeti za Msimu wa Joto

Miongoni mwa sanaa zilizozaliwa pamoja na pikipiki ya mapigo mawili, na ambazo leo zinafifia pamoja nayo, ipo moja isiyopata kuwa na chuo wala shahada, nayo ni sanaa ya kubadili jeti za kabureta, yaani vijipande vyenye tundu la kupimia petroli, kwa kuyafuata majira. Ulipoingia msimu wa joto, mpanda pikipiki wa mashindano ya nyikani alikifungua kikombe cha chini cha kabureta, akaitoa jeti ya shaba iliyomfaa wakati wa baridi, akatia nyingine yenye tundu dogo zaidi kwa kadiri ambayo jicho tupu haliwezi kuitambua. Na juu ya tofauti hiyo isiyoonekana ilitegemea nguvu ya injini yake, na mara nyingine uhai wa pistoni. Jambo lenyewe ni dogo, lakini habari zake ni ndefu, kwa kuwa zahusu namna mtambo uliobuniwa katika nchi za baridi ulivyozoezwa kuishi na jua, na waliouzoeza aghalabu hawakuwa wale waliouunda.

Asili ya udhia wote ni kwamba kabureta hupima hewa kwa pishi wala haiijui mizani. Injini huvuta ujazo ule ule kila pistoni inapopanda, iwe alfajiri au adhuhuri, ilhali moto hautazami ujazo, hutazama uzito wa oksijeni iliyomo. Hewa ya nyuzi 5 ikipata harara hadi nyuzi 35 hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Na petroli, ambayo hunyonywa na upungufu wa shinikizo kooni mwa kabureta, nayo hupungua, lakini kwa nusu ya kadiri hiyo tu, hata mchanganyiko ukazidi mafuta kiasi cha 5 kwa 100. Hapo plagi huwa nyeusi na kulowana, moshi ukawa mzito, na injini ikagugumia palepale ilipopaswa kupaza sauti. Kwa hesabu hiyo fundi aliyekuwa na jeti ya namba 300, katika zile ambazo namba zake hupima mtiririko wa mafuta, angeitafuta ya 285 au iliyo karibu nayo, kisha aiache njia iamue.

Hikima ya kunyunyiza petroli ndani ya mkondo wa hewa kwa mrija mwembamba ilipatikana mwaka 1893 mahali pawili kwa pamoja, kwa Wilhelm Maybach katika Ujerumani, na kwa Donát Bánki na János Csonka katika Hungaria. Karibu na wakati huo huo katika karakana ya Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, iliundwa injini ya mapigo mawili isiyo na vali, ambayo pistoni yake yenyewe hufungua na kufunga matundu ya kuingilia na kutokea, na ambayo hewa na mafuta hupitia kwanza katika chumba cha fitokombo kabla ya kupanda kwenye silinda. Wepesi wa umbo hilo ulikuwa na gharama yake. Kwa kuwa chumba hicho ni njia ya hewa, hakiwezi kuwa ghala la oili. Oili ikabidi ichanganywe na petroli, na mchanganyiko huo huo uwe chakula cha injini, ulainisho wa vyuma vyake, na sehemu kubwa ya ubaridi wake. Anayepunguza jeti katika injini ya mapigo manne hupunguza chakula. Anayeipunguza katika injini ya Day hupunguza vyote vitatu kwa pamoja, na ndiyo sababu sanaa hii ilipata adhama yake, na khofu yake, miongoni mwa watu wa mapigo mawili.

Katika Uingereza watengenezaji watatu wa kabureta, Amac, Brown & Barlow na Binks, waliungana mwaka 1927 wakawa Amal, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa karibu sawa na kabureta ya pikipiki yenyewe. Lakini injini ya mapigo mawili ilipata makuzi yake katika mji mdogo wa Zschopau, Saksonia. Hapo kiwanda cha DKW kilichukua mbinu ya Adolf Schnürle ya kuelekeza hewa mpya izunguke ndani ya silinda, na baada ya vita, mji ukiwa umeangukia upande wa Ujerumani ya Mashariki, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ cha hapo hapo alifanya jambo lililogeuza kila kitu. Alilichonga bomba la moshi liwe kama pembe mbili zilizounganishwa midomo, ili wimbi la sauti litokalo silindani lirudi kwa wakati wake na kuisukuma ndani hewa iliyotaka kutoroka. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita 125 za ujazo ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa lita, jambo ambalo injini isiyo na kipulizo haikupata kulifanya kabla yake.

Wengi husifu bomba la Kaaden na kuisahau kabureta, na hilo ndilo kosa la wanaosimulia habari za mashine kwa kutazama yanayong'aa. Wimbi hilo hukimbia kwa kadiri ya moto uliomo bombani. Mafuta yakizidi, moshi hupoa, wimbi huchelewa, na nguvu yote iliyosubiriwa hupita bila kufika. Tangu hapo jeti haikuwa tena jambo la uchumi wa mafuta; ilikuwa sehemu ya ala, na ala ikitoka katika sauti yake haichezeki.

Mwezi Septemba 1961 mpanda pikipiki wa MZ, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaichukua elimu ya Kaaden hadi Suzuki, na mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa dunia wa sentimita 50. Kufikia 1970 Suzuki ilikuwa na ubingwa wa motokrosi wa sentimita 250 kwa mkono wa Joël Robert wa Ubelgiji.

Mahali ambapo sanaa ya jeti ilipevuka, hata hivyo, si Zschopau wala Japani, bali jangwa la California. Mwaka 1966 mfanyabiashara Edison Dye alimleta Marekani Torsten Hallman, bingwa kutoka Sweden, pamoja na pikipiki za Husqvarna zilizozaliwa kando ya ziwa Vättern, na watu waliozoea mashine nzito za mapigo manne wakashangaa kuona kitu chepesi kikiwaacha. Mwaka uliofuata yalianza mashindano ya Mexican 1000, kutoka Tijuana hadi La Paz katika rasi ya Baja, na mwaka 1968 Yamaha ikatoa DT-1, iliyoweka pikipiki ya mapigo mawili ya nyikani mikononi mwa kila mwenye mshahara wa kawaida, ikiwa na kabureta ya Mikuni.

Sasa jangwa lina tabia ambayo makao ya mtambo ule hayakuijua: alfajiri huwa na baridi ya kuuma, na saa sita mchana huwa tanuri. Jeti iliyo barabara kwa adhuhuri ni haba kwa alfajiri, na uhaba ndio unaoua, kwa kuwa pistoni hukosa ubaridi na ulainisho, huvimba, kisha hukwama silindani, ilhali wingi huchafua plagi tu na kumtia mtu hasira. Kwa hiyo mwenye busara alichagua jeti ya saa ya baridi zaidi atakayoikuta njiani, akauvumilia ugugumizi wa mchana. Na mwenye haraka, aliyejaribu pikipiki yake Jumamosi mchana akaisifu kwa wepesi wake, aliweza kuikokota Jumapili asubuhi.

Elimu ya watu hawa ilikuwa na mpangilio wake. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa hadi robo, neno ni la jeti ndogo na skrubu ya hewa. Robo hadi robo tatu, ni la sindano, ambayo huteremshwa kwa kuhamisha kipini chake ngazi moja juu. Kutoka hapo hadi mwisho, ni la jeti kuu. Fundi hakuuamini mwendo wa taratibu: alivuta mafuta yote katika njia ndefu, akazima injini ghafla huku ameshika klachi, akaifungua plagi, akaisoma rangi ya kauri karibu na mzizi wake, akitafuta ile ya kahawia. Tena alijua jambo linalowapotosha wengi hadi leo, kwamba kuongeza oili katika petroli kwa nia ya kuilinda injini na joto hupunguza petroli ipitayo katika jeti, na hivyo huyafanya mafuta kuwa haba badala ya kuwa mengi.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili lilijulikana zaidi kwa upande wa kimo. Aliyepata kupanda na chombo cha kabureta kutoka Mombasa hadi Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ameuona moshi ule ule na uchovu ule ule, kwa kuwa mlima huifanya hewa nyepesi kama joto lifanyavyo, tena kwa nguvu zaidi.

Yamaha ilipoleta YZ400F ya mapigo manne mwaka 1998, mashindano makubwa yaligeuka, na mwaka 2017 KTM ikatangaza pikipiki za enduro za mapigo mawili ambazo petroli yake hupimwa na kompyuta yenye kuhisi joto na shinikizo la hewa. Yamaha YZ250 iliendelea na kabureta, na wenye pikipiki za namna hiyo bado hutumia majedwali yanayopanga joto upande mmoja na kimo upande wa pili, jeti ikiwa pale viwili hivyo vinapokutana. Lakini hata jedwali lina upofu wake. Petroli ya Marekani siku hizi aghalabu huwa na ethanoli 10 kwa 100, nayo ethanoli hutaka mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile, kiasi cha 4 kwa 100. Na kwa kuwa joto la kiangazi hutaka yapunguzwe karibu kwa kadiri hiyo hiyo, mtu aliyeweka jeti zake wakati wa baridi kwa petroli safi, kisha akajaza petroli ya ethanoli wakati wa joto, huenda akakuta hana haja ya kugusa kitu, na anayeifuata safu ya jedwali bila kuuliza kilichomo tangini ndiye atakayeikosa pistoni yake.