Kilifi Moja, Imani Mbili

Mwaka jana nilimwambia mathe nimewacha kanisa. Hakupiga kelele. Aliendelea kuosha sufuria, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ile siku tulifungiwa nyumba, nani alikuja?"

Nilinyamaza, juu jibu nalijua. Nilikuwa kidato cha tatu. Mlango ulikuwa na kufuli si letu, na vitu vyetu viko nje ya ploti. Serikali haikuja. Wale wa kutuomba kura hawakuja. Walikuja akina mama watano wa kanisa, wamejifunga leso. Walichanga, na mmoja akatupeleka kwake tukalala wiki mbili.

Lakini na mimi niko na swali langu. Yule mhubiri aliyemwambia mathe apande mbegu ya elfu kumi ndio karo yangu ya chuo ipatikane, ako wapi? Mbegu ilipandwa, na mimi niliacha chuo mwaka wa pili.

Sasa ukiniuliza kama jamii inahitaji dini, mimi niko hapo katikati ya hizo stori mbili. Wasee wengi wa rika yangu wanasema watu hufuata dini juu ya ujinga. Kwa sensa ya 2019, Wakenya waliosema hawana dini walikuwa 755,750, kati ya watu milioni 47 na kitu. Hao wengine wote ni wajinga? Hiyo ni rahisi sana. Nilienda kutafuta jibu kwa historia, na nikapata majibu mawili kwa kaunti moja: Kilifi.

Twende 1913. Waingereza wanataka kodi ya nyumba kwa Wagiriama, na pia wanataka vijana wao waende kufanya kazi mashamba ya wazungu. Wagiriama hawana mfalme. Hawana jeshi. Kila boma liko kivyake, mbali na lingine. Watu kama hao unawaunganisha aje?

Mekatilili wa Menza, mama mjane, alijua venye. Alitembea kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakakusanyika. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, walipeleka watu Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa mababu zao. Huko wanawake wakala kiapo chao na wanaume chao: hakuna kodi, hakuna kibarua cha mzungu, hakuna kumsaidia. Kuanzia hapo wale wazee Waingereza waliowaweka kuwa vichwa wakaanza kuitisha vijana bila kupata mtu.

Mwezi wa kumi Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande ule mwingine wa nchi. Mwaka uliofuata walitoroka wakarudi nyumbani kwa miguu. Hebu fikiria huo umbali, bila barabara ya lami, bila simu, ukipita kwa watu ambao lugha yao huijui.

Na tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya mkoloni ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Hapa ndipo nilisimama kidogo. Mbona upoteze baruti kwa msitu? Ni juu walielewa kitu chenye wasee wengi siku hizi hawaelewi: hapo ndipo watu walishikania mikono. Vita vilifuata. Wagiriama waliuawa, nyumba zikachomwa, wakatozwa faini kubwa. Lakini bila ile kaya, hata kukataa hawangeweza kukataa pamoja.

Si ati nawapaka mafuta. Kile kiapo kilikuwa na vitisho pia; ukikivunja, laana ingekufuata. Dini inajua kutumia woga. Ilijua wakati huo na inajua leo.

Sasa rudi Kilifi hiyohiyo, Aprili 2023, msitu wa Shakahola. Polisi wanachimba makaburi na hesabu inapanda kila siku, mpaka ikapita miili 400. Watoto walikuwa wengi. Kulingana na mashtaka, wafuasi waliambiwa wafunge mpaka kufa ndio wakutane na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana. Waliokufa walitoka sehemu nyingi za nchi. Wengine walikuwa wamesoma na walikuwa na kazi.

Watu wakasema, "Wajinga hao." Mimi nafikiri walienda huko wakitafuta kitu kilekile mathe alipata kwa wale mama watano: mtu wa kukujua kwa jina, mtu wa kukuambia maisha yako yana maana hata kama mfuko umetoboka. Njaa ya hicho kitu ni ya kweli. Na ndio maana ni rahisi mtu kuitumia kukumaliza.

Kwa hivyo tofauti iko wapi, kama zote mbili ni imani, zote msituni, zote na mtu wa kufuatwa? Mimi naangalia kitu kimoja: nani analipa gharama. Mekatilili alikamatwa yeye mwenyewe, akafungwa yeye. Shakahola, waliolipa ni wafuasi na watoto wao. 1992, mama za wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi Uhuru Park, kanisa la All Saints liliwafungulia mlango wakakaa chini ya jengo karibu mwaka mzima, na serikali ya Moi imenuna. Hilo kanisa lililipa kitu. Mhubiri wa mathe alipokea elfu kumi. Wale mama watano walitoa.

Je, jamii inahitaji dini? Nafikiri inahitaji kile kitu wale mama walifanya. Unaweza kuniambia chama kinaweza kukifanya, ama serikali yenye akili, na sitabishana. Lakini usiniambie tu tubomoe. Mwingereza alibomoa na baruti. Niambie kwanza siku kufuli itawekwa kwa mlango wa mtu, ni nani atakuja.

Kanisa bado siendi. Lakini mwezi jana mathe aliniambia kuna jirani amefungiwa nyumba na wale mama wanachanga tena. Nilituma mia mbili. Aliniuliza niandikwe jina gani kwa orodha, na nikakosa la kumwambia.

Wewe ungeandikwa nani?