Ako Futi Saba, Lakini Gemu Iko? Vile Maskauti Hupima Wachezaji Warefu Kabla ya Drafti ya NBA

Kijana akifikisha futi 6 na inchi 8 pale Olenguruone, stori huwa ni moja. Makanga wa matatu za Molo wanamwambia anafaa kuwa Marekani. Mama wa viazi anamwambia hivyo hivyo. Mwalimu wa michezo anampea jezi kabla hata ajue kudunda mpira. Nyumbani, mtu anaanza kuhesabu ng'ombe akijiuliza nauli ya ndege ni pesa ngapi.

Shida ni kwamba wote wanaangalia kitu kimoja: kichwa kimefika wapi. Na msidhani ni ushamba wa huku Kuresoi pekee. Timu za NBA zilizo na mamilioni na makompyuta zimeanguka kwa hilo shimo mara mingi. Kwa hivyo, wazazi, makochi na vijana warefu, hebu tuone vile mambo hupimwa kabla mtu auze ng'ombe.

Drafti ni nini hasa?

Si ile ya vizibo vya soda mnachezanga pale stage. Drafti ya NBA hufanyika mara moja kwa mwaka, kawaida mwezi wa Juni. Timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili. Kijana kutoka nje ya Marekani lazima awe anafikisha angalau miaka 19 mwaka huo. Mwaka anaofikisha 22, jina lake linaingia lenyewe. Hakuna mtu hununua nafasi. Msee akikuambia lipa hii pesa mtoto aingie drafti, huyo anakula fare yako.

Ligi ya Kenya haina drafti ya aina hiyo. BAL, ligi ya Afrika iliyoanza 2021, nayo ni ya klabu zinazofuzu. Nairobi City Thunder walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kufika huko, mwaka wa 2025.

Kesi ya Hasheem Thabeet

Hii ndiyo kesi ya karibu zaidi na sisi, na kila mzazi wa kijana mrefu anafaa kuijua. Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alianza basketi akiwa na miaka 15. Akaenda Marekani, akamaliza sekondari Houston, akaingia chuo cha Connecticut. Urefu: futi 7 na inchi 3. Msimu wake wa mwisho chuoni, 2008-09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Hizo ni namba kali, hakuna ubishi.

Drafti ya 2009, Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2. Mtanzania wa kwanza NBA. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Msimu huo huo wa kwanza, Februari 2010, Memphis wakamshusha kwa ligi ya chini akachezee Dakota Wizards. Mwaka uliofuata wakamtoa kwenda Houston. Maisha yake yote NBA, wastani wake ulibaki pointi 2.2 kwa mechi.

Je, ishara zilikuwepo? Ndiyo, na zilionekana kwa TV. Siku alipotimiza miaka 22, Connecticut walicheza na Pittsburgh. Jamaa anaitwa DeJuan Blair, aliyeandikwa futi 6 na inchi 7 tu, alimchukua Thabeet kwa bega wakipigania mpira, akamrusha chini kama gunia la viazi. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Mtu mfupi kwa zaidi ya nusu futi alikuwa ameonyesha kila skauti kwamba urefu upo lakini msingi wa chini haupo.

Tusimwonee Thabeet lakini. Alikuwa ameshika mpira kwa miaka saba tu, na Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, kwa hivyo dakika za kujifunzia zilikuwa chache. Huyo Gasol alichaguliwa namba 48 mwaka wa 2007, na 2013 akawa mlinzi bora wa NBA. Hakuwa anaruka sana, lakini alikuwa anasoma gemu kama gazeti.

Vitu saba vya kupima

1. Urefu wa kweli, halafu mikono. Mtoe viatu. Watu hupoteza inchi nzima hapo. Halafu anyooshe mikono pande zote ukutani, upime kidole hadi kidole. Kwa watu wengi kipimo hicho hukaribiana na urefu, lakini wachezaji wa NBA kwa kawaida huupita. Blair alikuwa na mikono ya futi 7 na inchi 2, ndiyo maana alikula ribaundi za warefu. Mwisho, ashike chaki, asimame wima, aguse juu ya ukuta wa darasa bila kuruka. Ringi iko futi 10. Hiyo alama ya chaki inakuambia mengi kuliko kichwa chake, kwa sababu hakuna mtu hubloku na kichwa.

2. Viganja. Mrushie mpira kwa nguvu akiwa anakimbia, juu, chini, kando. Anaushika ama unamtoroka? Mrefu asiyeshika mpira ni mti tu, na miti iko mingi Mau.

3. Miguu na kiuno. Mwambie akae chini kama anayekalia kiti, ateleze kando kushoto na kulia. Siku hizi timu hufanya mbinu ya kumvuta mrefu mbali na ringi ili alinde mtu mdogo mwenye mbio. Akisimama wima kama mlingoti, atapitwa kila saa. Usidharau michezo mingine hapa. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alicheza handiboli na kudaka goli kabla ya basketi, na miguu yake ikawa maarufu dunia nzima. Joel Embiid wa Kamerun alikuwa na ndoto ya voliboli. Kwa hivyo kijana wako akiwa anacheza voliboli shuleni, mwache acheze.

4. Nguvu dhidi ya wenzake. Kubloku mtoto wa futi 5 na nusu kwa michezo ya shule si ushahidi. Mpeleke pahali kuna watu wazima wa kumsukuma. Egerton iko Njoro na Kabarak haiko mbali, zote hapa hapa Nakuru. Akisukumwa mara tatu, angalia mara ya nne anafanya nini. Anateremsha kiuno na kushikilia, ama anaanza kulalamikia refa?

5. Kichwa. Hesabu faulo zake, na uandike amezifanya vipi. Mrefu anayechelewa kuona mpira unakoenda huishia kuruka kila shuti na kumaliza faulo mapema. Pia msikilize uwanjani. Yeye ndiye anaona kila kitu kutoka nyuma, anafaa kuwa anapigia wenzake kelele.

6. Shuti za faulo. Hapa hakuna mtu anamkaba, ni yeye na ringi. Maskauti huamini asilimia ya faulo inaonyesha kama mkono unaweza kufundishwa kupiga mbali baadaye. Andika shuti 100 kila wiki, bila kudanganya.

7. Umri wa kweli. Futi 6 na inchi 9 akiwa na miaka 15 ni kitu tofauti kabisa na akiwa 19. Ukipunguza umri kwa karatasi, unaharibu hesabu yote, na siku ikijulikana mtoto ndiye anabeba aibu. Pamoja na umri wa kuzaliwa, hesabu umri wa basketi: amecheza miaka mingapi?

Moyo kwanza, wasee

Hii msiiruke. Ile mikono mirefu tunayosifu inaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa wa Marfan. Ni ugonjwa wa kurithi unaofanya nyama zinazoshikanisha mwili kuwa dhaifu, na mshipa mkubwa wa moyo unaweza kupanuka hadi upasuke. Mwaka wa 2014, siku chache tu kabla ya drafti, Isaiah Austin wa chuo cha Baylor, mrefu wa futi 7 na inchi 1, aligunduliwa kuwa nao wakati wa vipimo. Drafti ikaisha hapo, lakini maisha yakaokoka, na miaka miwili baadaye madaktari wakamruhusu kucheza tena.

Si kila mrefu ako na Marfan, wengi hawana. Lakini kijana akiwa na kifua kilichoingia ndani au kutokeza, vidole virefu sana, macho yasiyoona mbali, au kuna mtu wa familia alikufa ghafla akiwa mdogo, apelekwe hospitali kubwa Nakuru apigwe picha ya moyo inayoitwa eko kabla ya mazoezi mazito. Mzazi, hiyo pesa ni bora kuliko ya viatu.

Miguu pia. Embiid alifanyiwa upasuaji wa mguu kabla tu ya drafti ya 2014. Philadelphia wakamchukua namba 3 hata hivyo, akakaa nje misimu miwili mizima, na 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Greg Oden, namba 1 wa 2007 mbele ya Kevin Durant, magoti yalimmaliza mapema. Kijana akisema mguu unauma, usimwambie ajikaze.

Khaman Maluach: mfano mpya

Huyu alizaliwa Sudan Kusini, akalelewa Kampala, akaanza basketi akiwa na miaka kama 13. Mazoezi yake ya kwanza alivaa Crocs kwa sababu viatu vya saizi yake havikupatikana. Akapelekwa akademia ya NBA kule Senegal, akacheza BAL na City Oilers ya Uganda mwaka wa 2024, akaenda Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini, halafu chuo cha Duke.

Vipimo vyake kabla ya drafti ya 2025: zaidi ya futi 7 bila viatu, mikono zaidi ya futi 7 na nusu. Lakini kilichowafurahisha maskauti zaidi ni kwamba kwa shuti za faulo aliingiza zaidi ya asilimia 75. Kilichowatia wasiwasi ni nusu fainali dhidi ya Houston, alipomaliza bila ribaundi hata moja. Wakaweka yote mezani, akaenda namba 10, na sasa ni wa Phoenix Suns. Ona tofauti: hakuna mtu alisema "ni mrefu, mchukue namba 2."

Sasa wewe wa Olenguruone ufanye nini?

Anza na michezo ya shule muhula wa kwanza: kaunti ndogo, kaunti, kanda, halafu kitaifa. Weka daftari la vile vitu saba, upime kila miezi mitatu. Kama namba zinapanda, kijana anajifunza, na hiyo ndiyo siri maskauti hutafuta. Kama zimesimama mwaka mzima, mwambie ukweli mapema akiwa bado na masomo ya kurudia.

Masomo yasiachwe kabisa. Madina Okot, senta wetu Mkenya, alipitia Zetech kabla ya kwenda Mississippi State na baadaye South Carolina. Njia ya wengi hupita darasani, na chuo huuliza matokeo ya mtihani pamoja na vipimo vya mikono.

Na mzee, ng'ombe abaki boma. Kijana akiwa na kipaji, daftari lako litaongea. Akiwa na urefu tu, bado atakuwa na cheti, moyo uliopimwa, na maziwa ya kesho asubuhi.