Kiwanda, hali na thamani ya sarafu

Sarafu mbili zenye mwaka mmoja na sura ileile zinaweza kupishana bei kwa mbali. Mkusanyaji huuliza kwanza zilichapwa wapi, kisha zimetunzwaje.

Enzi ya Wajerumani, mji wa Tukuyu uliitwa Neu-Langenburg na ulikuwa makao ya wilaya. Rupia na heller, sarafu za koloni la wakati huo, zilichapwa Ujerumani, na herufi ndogo ndiyo hutaja kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Kila kiwanda kilichapa idadi yake, na pale idadi ilipokuwa ndogo, herufi hiyo hupandisha bei.

Herufi inayosakwa zaidi ni T. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za bahari, Wajerumani walianzisha kiwanda cha dharura Tabora, katika karakana ya reli, na mwaka 1916 wakachapa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilitoka 16,198 tu, na bei yake mnadani hupita mbali ile ya dhahabu iliyomo. Ndiyo maana za kughushi zimejaa sokoni. Herufi T pekee haitoshi kuthibitisha uhalali.

Uadimu, hata hivyo, hauji kwa sababu ya kisa kizuri. Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Baadhi zina H au KN, alama za viwanda viwili vya Birmingham. Kwa kuwa zilichapwa kwa wingi mno, zilizosagika mikononi mwa watu huuzwa kwa bei ndogo. Zenye thamani ni zile ambazo hazikuwahi kuingia sokoni.

Hapo ndipo hali inapotawala. Wakadiriaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon ya mwaka 1949. Kuanzia 60 sarafu huhesabiwa haijatumika, na ngazi chache juu ya hapo zinaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Tukuyu ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na unyevu huiotesha shaba kutu ya kijani. Wengi hukimbilia kuisugua kwa mchanga, majivu au limau. Sarafu hung'aa, lakini ngozi yake ya asili imekwanguliwa, wala hairudi tena. Mnunuzi mzoefu huitambua mara moja.

Sarafu za hifadhi za Tanzania za 1974, yaani twiga wa shilingi 25, kifaru wa 50 na duma wa dhahabu wa 1,500, zilitolewa kwa matoleo mawili: la kawaida na la uso wa kioo (proof), lililochapwa kwa uangalifu zaidi. Kwenye hilo la pili, alama ya kidole kimoja tu yatosha kushusha bei, hivyo hushikwa kwa ukingo na kuachwa ndani ya kasha lake.