Kaburi la Mgeni: Mji wa Wapolandi wa Tengeru na Historia ya Kanisa Letu

Mtu anayetaka kuuona mji wa kale wa Wapolandi kwa kawaida huenda Kraków, akapanda kilima cha Wawel na kuona kanisa kuu walimozikwa wafalme. Au huenda Toruń, alikozaliwa mwaka 1473 yule mtaalamu wa nyota, Mikołaj Kopernik. Sisi hatukuwa na nauli ya kufika huko. Mji wa Wapolandi tuliouzuru pamoja na jamaa yetu katika likizo ya Desemba uko Tengeru, kilometa chache mashariki ya Arusha. Kuta zake zilikuwa za udongo uliopakwa chokaa, na paa zake za nyasi na majani ya migomba. Mji wenyewe haupo tena. Kilichobaki ni makaburi yapatayo 150 ndani ya uzio, jirani na chuo cha mafunzo ya mifugo.

Hatukusudii kuwachosha wasomaji kwa habari za safari. Tunakusudia kuuliza kwa nini historia ya Kanisa tunayoifundisha inaupita mji huo kimya, ingawa Walutheri wa Meru walikuwa majirani zake wa karibu. Lawama tunaianza kwetu wenyewe. Tulipokuwa wanafunzi wa theolojia tuliishi mwendo mfupi tu kutoka pale, tukasoma Mababa wa Kanisa na Matengenezo, wala hatukuwahi kuvuka barabara kwenda kuyatazama makaburi hayo.

Tuliondoka Kamunyonge alfajiri, ziwa likiwa bado jeusi, tukiwa watu sita: wazazi, watoto watatu na bibi yao. Basi la Arusha hupita Serengeti na Ngorongoro, na abiria hulipia kiingilio cha hifadhi zote mbili, jambo lililomfanya bibi aulize kama tumekodi barabara. Watoto walihesabu pundamilia mpaka wakachoka. Sisi tulikuwa tukifikiri jambo jingine: kwamba Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kwamba mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga katika mbuga hizo walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwaka huo 1951 msomaji aukumbuke, kwa maana tutaurudia.

Wapolandi hao walikuwa nani? Mnamo Agosti 1939 Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Kisovieti zilipatana kwa siri kuigawana Polandi. Tarehe 1 Septemba Wajerumani waliingia kutoka magharibi. Tarehe 17 Warusi waliingia kutoka mashariki. Katika mwaka 1940 na nusu ya kwanza ya mwaka 1941, raia mamia ya maelfu wa sehemu ya mashariki walitolewa majumbani mwao usiku, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Kazakistani na misitu ya kaskazini. Walikuwamo wakulima, walimu, walinzi wa misitu, wake wa maofisa, wazee na watoto wachanga. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na homa.

Ujerumani ilipomgeuka mshirika wake Juni 1941, Stalin alihitaji marafiki. Kwa mapatano ya tarehe 30 Julai mwaka huo Wapolandi waliokuwa kifungoni walifunguliwa, na Jenerali Władysław Anders akaruhusiwa kuunda jeshi kutoka miongoni mwao. Mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000, askari na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi Pahlevi katika Uajemi. Wanaume waliendelea na jeshi; wengi wao walipigana Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Wanawake na watoto hawakuwa na mahali. Wakatawanywa: India, Mexico, New Zealand, na sehemu kubwa Afrika. Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Tanganyika waliwekwa Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Tengeru ndiyo ilikuwa makao makubwa kuliko yote katika Afrika, ikawa na watu wapatao 5,000.

Huo ulikuwa mji kweli, si kambi tu. Ulikuwa na hospitali, shule, shamba na nyumba za ibada, maana ingawa wengi walikuwa Wakatoliki, walikuwako pia Waorthodoksi na Wayahudi. Watoto walikwenda kucheza kando ya ziwa Duluti. Jambo linalomgusa mchungaji ni kwamba ulikuwa mji wa wanawake. Mama ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba, naye hakujua kama mumewe yu hai. Mwezi wa Aprili 1943 habari za Katyn zilitangazwa, kwamba maelfu ya maofisa wa Kipolandi walipigwa risasi na kufukiwa msituni. Na pale chini ya Mlima Meru walikuwako wake na watoto wa maofisa.

Kisha likaja pigo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa zaidi. Februari 1945 wakuu wa mataifa matatu walikutana Yalta, wakakubaliana kuisogeza mipaka ya Polandi kuelekea magharibi. Lwów na Wilno, miji ya kale ambayo wakimbizi hawa waliiimba na kuifundisha shuleni Tengeru, ikawa ya Urusi ya Kisovieti. Leo Lwów ni Lviv ya Ukraini, na Wilno ni Vilnius, mji mkuu wa Lituania. Vita ikaisha kwa ushindi wa upande wao, na wao wakawa hawana pa kurudi. Wachache walirejea Polandi mpya. Wengine walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 mayatima wapatao 150 walipelekwa Kanada kwa njia ya Italia, huku serikali ya kikomunisti ya Polandi ikilalamika kwamba inaibiwa watoto wake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji ulikuwa umefungwa. Watu wachache sana walibaki Tengeru mpaka kufa.

Mlinzi alitufungulia lango. Misalaba imepangwa kwa mistari, imepakwa chokaa, na majani yamefyekwa vizuri kuliko katika makaburi mengi ya sharika zetu. Katika kitabu cha wageni, kurasa tulizozifunua zilijaa majina ya watu kutoka Polandi na Kanada. Ya Watanzania yalikuwa ya kutafuta. Mama watoto alianza kusoma tarehe, akaacha alipofika kwa mtoto wa miezi michache. Bibi alisimama muda mrefu. Kwetu Mara, mtu akifa Dar es Salaam au Mwanza, ukoo huchanga mpaka mwili urudi azikwe penye boma lake. Kuzikwa ugenini ni huzuni juu ya huzuni. Hatimaye bibi alisema, “Hawa hawakuwa na wa kuwarudisha.” Tulitaka kumweleza habari za Yalta, tukaona amekwisha kuzisema.

Mhubiri yeyote akisimama mahali hapo atakumbuka sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu amefiwa na Sara, naye ni mgeni asiye na ardhi hata ya kaburi. Anakwenda langoni pa mji, anainama mbele ya wana wa Hethi, anaomba, anakataa kupewa bure, na anampimia Efroni shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Wafafanuzi wengi hukaza macho kwa Ibrahimu na ahadi. Sisi tunapenda msomaji awatazame wana wa Hethi. Waliulizwa. Mgeni alikiri kwamba ardhi ina wenyewe.

Je, Tengeru nani aliulizwa? Tangu wakati wa utawala wa Wajerumani, sehemu kubwa ya nchi ya tambarare kuuzunguka Mlima Meru ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi wa Kizungu, hata Wameru wakabanwa kati ya msitu juu na mashamba ya wageni chini. Waingereza waliurithi mpango huo na kuuendeleza. Makao ya wakimbizi yalipangwa na serikali ya kikoloni katika nchi hiyo hiyo. Hatusemi Wapolandi waliwadhulumu Wameru. La hasha, wao wenyewe walikuwa wamenyang'anywa mashamba, nyumba na wafu wao. Tunasema tu kwamba ukarimu ule ulitolewa na asiye mwenye mali, na mwenye mali hakutajwa.

Uthibitisho haukuchelewa. Mwaka 1951, wakati mji wa Tengeru ulipokuwa umekwisha au unakwisha kutawanyika, serikali ile ile iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini ya mlima, ili kuwapa walowezi wa Kizungu nafasi ya ufugaji. Nyumba zao zilichomwa moto. Wengi wa walioondolewa walikuwa Walutheri. Wameru walikataa fidia, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alifika Umoja wa Mataifa huko New York kuishitaki Uingereza. Hiyo ilikuwa miaka 3 kabla ya mwana wa Butiama, Julius Nyerere, kusimama mbele ya chombo hicho hicho kwa niaba ya TANU. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia Wameru ardhi wakati ule, lakini nchi nzima ilisikia. Kwa hiyo katika muda wa miaka 10, chini ya mlima mmoja, nafasi ilipatikana kwa wageni 5,000 wa Ulaya, kisha ikakosekana kwa wenyeji 3,000.

Mwanafunzi atauliza: hayo yanahusu nini Kanisa la Kilutheri? Yanahusu mara mbili. Kwanza ni Kidugala. Kituo hicho cha kusini kilijengwa na Misioni ya Berlin. Vita ilipoanza, wamisionari wa Kijerumani walitiwa kizuizini, na sharika zao zikaachwa mikononi mwa wachungaji na wazee Waafrika, wakisaidiwa na wamisionari wachache, hasa wale wa Augustana kutoka Marekani waliokuwa Iramba. Nyumba za Kidugala zikajaa Wakatoliki wa Polandi waliokimbizwa na vita ile ile. Walipoondoka, mahali pakarudi kwa Kanisa, na pamefundisha seminari tangu hapo. Ni ajabu ya historia kwamba mwaka 1942, Wapolandi walipokuwa wakipokewa katika kituo cha Walutheri wa Kijerumani, askofu wa Walutheri wa Polandi, Juliusz Bursche, alikufa kifungoni Ujerumani kwa kuwa hakukubali kuikana nchi yake. Alikuwa wa ukoo wenye asili ya Kijerumani. Habari zake zafaa kusomwa pamoja na zile za Bonhoeffer, lakini hatujamsikia mwanafunzi wa kwetu akimtaja.

Pili ni Akeri. Kesho yake tuliwachukua watoto huko, maana si mbali. Hapo, Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, waliuawa usiku walipokuwa wamefika tu kutafuta mahali pa kujenga kituo. Katika vitabu vyetu wao ni mashahidi wa kwanza wa Meru, na makaburi yao hutembelewa kwa nyimbo. Hao nao hawakuwa Wajerumani wa Ujerumani: walitoka nchi za Baltiki, ambazo leo ni Estonia na Latvia na ambazo wakati huo, kama sehemu kubwa ya Polandi, zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baada ya kifo chao jeshi la Wajerumani lilipanda mlimani kulipiza kisasi, likaua watu, likachukua ng'ombe na kuharibu migomba. Ni baada ya hayo, mwaka 1902, kituo cha Nkoaranga kilipoanzishwa.

Bibi alimsikiliza mzee aliyetuongoza hadi mwisho, kisha akamwuliza kwa adabu, “Na wale wenu waliouawa baadaye, baba, tuwasalimie wapi?” Mzee alinyosha mkono kuelekea mlimani. “Huko kote, mama.” Watoto wakatazama juu, siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu.

Kwa hiyo tunazo namna tatu za makaburi katika eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa siku moja. Ya Wapolandi yana majina, na mtu wa kuyatunza. Ya Akeri yana majina, na sikukuu. Ya wenyeji hayana hata moja kati ya hayo. Hata wale waliochanganya udongo wa nyumba za Tengeru, waliokata nyasi za paa na waliowauzia akina mama wale ndizi na maziwa, hatuwajui. Wapolandi wameandika kumbukumbu zao nyingi, na ni haki yao. Upande wetu hatukuandika.

Wazee waliokuwa watoto Tengeru, Poli na Akeri siku za mji ule bado wapo wachache, wenye umri wa zaidi ya miaka 80. Tumewapa wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa kazi ya muhula ujao: kila mmoja amtafute mzee mmoja, aulize aliwaonaje wageni wale, baba yake alifanya kazi gani kwao na kwa ujira gani, shamba la ukoo lilikuwa wapi kabla ya mwaka 1951, na jina la babu aliyekuwako mwaka 1896. Wachungaji wa sharika za Meru wenye wazee wa namna hiyo tunawaomba waandike majina yao na ya vijiji vyao, wawapelekee wanafunzi hao kabla ya Pasaka, maana katika mvua za masika njia za mlimani hazipitiki kwa urahisi.